Hati ya Udhamini wa Kifedha kwa Viza ya Uhamiaji ya Marekani (Fomu I-864): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wale wanaomwita mume, mke, mtoto, mzazi au ndugu kwenda kuishi Marekani, na kwa ajili ya jamaa na marafiki wanaoombwa kutia saini ili kuwasaidia. Katika kurasa hizi, "mleta ombi" ni yule aliyefungua faili la familia kwa Fomu I-130, "mhamiaji" ni yule anayesubiri viza, na "mdhamini" ni yeyote anayetia saini hati ya udhamini. Viwango vya fedha vilivyotajwa ni vya mwaka 2025. Hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo anayejaza fomu atazame jedwali la Fomu I-864P linalotumika siku anayoijaza.

## Mambo ya msingi

1. Fomu I-864 ni nini hasa?

Ni mkataba kati ya mdhamini na serikali ya Marekani. Mdhamini anaahidi kwamba mhamiaji hataishi chini ya kiwango fulani cha kipato, na kwamba endapo mhamiaji atapokea misaada ya serikali inayotolewa kwa watu wa kipato cha chini, taasisi iliyotoa msaada huo inaweza kumdai mdhamini fedha zake. Msingi wake ni sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, na hati kwa sura yake ya sasa, yenye nguvu ya kumfunga mdhamini mahakamani, ilianza kutumika tarehe 19 Desemba 1997. Kabla ya hapo barua za udhamini zilikuwa kama ahadi ya heshima, na mahakama nyingi zilikataa kuzitekeleza.

Jambo hili linasemwa mwanzoni kwa makusudi. Katika jamii zetu mtu huombwa saini kama anavyoombwa kusindikiza bibi harusi, na kukataa huonekana kukosa utu. Anayeombwa kusaini I-864 anaombwa kubeba deni linaloweza kudumu kuliko ndoa yenyewe, na ana haki ya kusoma maswali ya 15 hadi 18 kabla ya kujibu.

2. Je, kila viza ya uhamiaji inahitaji hati hii?

Hapana, ingawa viza karibu zote za familia zinaihitaji: mume au mke, wazazi wa raia, watoto, pamoja na kaka na dada wa raia. Kundi linalosamehewa na linalowahusu wasomaji wetu wengi ni watoto wa raia wa Marekani walio chini ya miaka 18 ambao, kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2001, wanakuwa raia mara tu wanapoingia nchini kama wakaazi wa kudumu na kuishi na mzazi wao raia. Wanasamehewa pia wajane wanaojiombea wenyewe, na mhamiaji ambaye tayari anahesabiwa robo 40 za kazi (kama miaka kumi ya kazi, tazama swali la 15) katika mfumo wa hifadhi ya jamii wa Marekani.

Washindi wa bahati nasibu ya viza hawatumii I-864, kwa kuwa hawana ndugu aliyewaombea, ingawa ofisa anaweza kuwataka waoneshe kwa njia nyingine kwamba wataweza kujikimu. Mchumba anayekwenda kwa viza ya K-1 hupeleka Fomu I-134, yaani tamko la msaada wa kifedha, kwenye usaili, kisha I-864 huja baada ya ndoa, pale anapoomba ukaazi akiwa Marekani.

Wakimbizi wana utaratibu wao, na hapa ndipo familia nyingi za Wakongo na Warundi huchanganyikiwa. Mkimbizi anayemfuatisha mke, mume au mtoto kwa Fomu I-730 hatakiwi kuleta I-864. Lakini mkimbizi huyohuyo akishakuwa raia na kumwombea mama yake aliyebaki kambini kwa Fomu I-130, hati inahitajika kama kwa raia mwingine yeyote.

3. Nani anaruhusiwa kuwa mdhamini?

Mdhamini ni lazima awe raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani, awe ametimiza miaka 18, na makazi yake yawe Marekani au katika mojawapo ya maeneo yaliyo chini yake. Mleta ombi ndiye mdhamini wa kwanza, na hawezi kukwepa nafasi hiyo. Hata kama hana kazi, hata kama yupo ndugu tajiri aliye tayari kubeba kila kitu, mleta ombi atajaza na kusaini I-864 yake mwenyewe, akiandika kipato chake halisi, hata kikiwa sifuri. Faili nyingi hurudishwa kwa sababu ndugu tajiri peke yake ndiye aliyepeleka hati.

Mwenye viza ya masomo au ya kazi ya muda, au anayesubiri uamuzi wa hifadhi, hawezi kudhamini, hata kama mshahara wake ni mkubwa.

4. Hati inapelekwa wapi, lini, na kwa gharama gani?

Ombi la I-130 likikubaliwa na idara ya uhamiaji, USCIS, faili huhamia Kituo cha Taifa cha Viza, NVC. Hapo hulipwa ada mbili kwa njia ya mtandao: dola 120 za kupitia hati ya udhamini, ambazo hulipwa mara moja kwa faili zima, na dola 325 za ombi la viza, ambazo hulipwa kwa kila mhamiaji. Ada zikishapokelewa, I-864 na viambatanisho vyake hupakiwa kwenye CEAC, tovuti ya maombi ya viza ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Fomu yenyewe hupatikana bure. Hairuhusiwi kuandika jina kwa kompyuta mahali pa saini: ichapishe, isaini kwa kalamu, kisha uiskani. Haihitaji muhuri wa wakili wala wa hakimu, na anayekutoza fedha kwa ajili ya muhuri huo anakuuzia kitu ambacho hakikuombwa.

NVC hukagua kama karatasi zimekamilika. Uamuzi wa kama kipato kinatosha hufanywa na ofisa wa ubalozi siku ya usaili. Kwa hiyo ujumbe wa NVC kwamba nyaraka zimekamilika haumaanishi kwamba udhamini umekubaliwa.

## Kipato na hesabu ya kaya

5. Mdhamini anatakiwa kuwa na kipato cha kiasi gani kwa mwaka?

Asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali ya shirikisho, kulingana na idadi ya watu katika kaya. Kwa mwaka 2025, katika majimbo 48 yaliyopakana, kaya ya watu 2 ilihitaji dola 26,437. Watu 3, dola 33,312. Watu 4, dola 40,187. Watu 5, dola 47,062. Na kila mtu aliyeongezeka baada ya hapo aliongeza dola 6,875. Alaska na Hawaii zina viwango vyao vya juu zaidi. Askari aliye kazini katika majeshi ya Marekani anayemwombea mke, mume au mtoto hutakiwa kufikia asilimia 100 tu, ambayo kwa kaya ya watu 2 ilikuwa dola 21,150.

6. Nani anahesabiwa kwenye kaya?

Hesabu hii ndiyo inayokosewa kuliko zote. Huanza na mdhamini mwenyewe, kisha mume au mke wake, watoto wake ambao hawajaoa wala kuolewa na walio chini ya miaka 21, mtu mwingine yeyote aliyemwandika kama mtegemezi kwenye ritani yake ya kodi, wahamiaji wote wanaodhaminiwa katika hati hii, na wahamiaji aliowahi kuwadhamini kwa I-864 ambao wajibu wake kwao haujaisha. Mtu mmoja hahesabiwi mara mbili, hata akiingia katika makundi mawili.

Tuchukue mfano wa mama wa Kitanzania aliye raia na anayeishi Minnesota na watoto wawili wadogo, akimwombea mume aliyeko Tanga. Kaya yake ni ya watu 4, si 2: yeye, watoto wawili na mume. Atahitaji dola 40,187. Miaka mitatu baadaye akimwombea mama yake mzazi, kaya inakuwa ya watu 5, kwa kuwa mume, watoto na yeye mwenyewe bado wamo.

Wazazi, wadogo zako na watoto wa ndugu unaowatumia fedha nyumbani kila mwezi hawaingii kwenye hesabu, ikiwa hukuwaandika kwenye ritani ya kodi. Wapo wanaowaongeza kwa uaminifu, wakidhani fomu inauliza nani anawategemea, na matokeo yake wanajipandishia kiwango bila sababu.

7. Ni kipato gani kinachotambuliwa?

Mshahara, faida ya biashara, pensheni, mafao ya hifadhi ya jamii ya uzeeni, kodi ya pango, riba na gawio, mradi kipato ni halali na kinaweza kuthibitishwa. Misaada inayotolewa kwa kigezo cha umaskini, kama vile kuponi za chakula za SNAP, SSI (fedha za wazee na walemavu maskini) na TANF (fedha za familia maskini zenye watoto), haihesabiwi kama kipato. Hata hivyo, kuwahi kuipokea hakukuzuii kuwa mdhamini: kinachotakiwa ni kwamba bila kuhesabu misaada hiyo bado ufikie kiwango.

Ushahidi wa lazima ni ritani ya kodi ya shirikisho ya mwaka wa karibuni. Njia safi zaidi ni kuchukua transkripti kutoka mamlaka ya kodi, IRS, ambayo hutolewa bure na kukuondolea mzigo wa kuambatanisha fomu za W-2, yaani taarifa za mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri. Ukipeleka nakala ya ritani yenyewe, peleka kurasa zote pamoja na kila W-2 na 1099 (taarifa ya malipo yasiyo mshahara). Ritani ya jimbo haihitajiki. Inaruhusiwa kupeleka ritani za miaka mitatu pale unapoona zitakusaidia, kwa mfano ikiwa mwaka wa karibuni ulikuwa mbaya kuliko kawaida. Waliowasilisha ritani ya pamoja na mume au mke wanahitaji W-2 zote, ili ofisa aone kila mmoja aliingiza kiasi gani.

8. Mimi ni dereva wa lori ninayejiajiri. Mwaka jana niliingiza zaidi ya dola 90,000, lakini nimeambiwa kipato changu hakitoshi. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na huwapata pia madereva wa teksi za mtandaoni, wasusi, wenye vituo vya kulea watoto nyumbani na wauguzi wa majumbani wanaolipwa kwa fomu ya 1099. Fedha zilizoingia benki ni mapato ghafi. Katika jedwali la biashara la ritani, Schedule C, huondolewa mafuta, matengenezo, bima, uchakavu wa gari, simu na matumizi mengine, na kinachobaki ndicho faida halisi inayoingia kwenye mstari wa jumla ya kipato. Ofisa anasoma mstari huo. Mtu aliyeingiza dola 90,000 na kuandika matumizi ya dola 68,000 ana kipato cha dola 22,000 machoni pa ubalozi, na kiasi hicho hakitoshi hata kwa kaya ya watu 2.

Hapa pana mvutano wa kweli, kwa sababu mtayarishaji wa kodi aliyekupunguzia deni la IRS kwa ustadi ndiye huyohuyo aliyekuondoa kwenye sifa za udhamini. Anayetarajia kuleta familia ndani ya miaka miwili ijayo ni heri azungumze naye mapema, kabla ritani haijawasilishwa. Ikiwa katika ritani iliyopita yaliandikwa matumizi ambayo hayakuwepo, sheria inaruhusu kuirekebisha kwa Fomu 1040-X na kulipa kodi iliyopungua pamoja na riba. Lakini kuyafuta matumizi halali ili tu kipato kionekane kikubwa ni kuandika uongo kwa upande wa pili, na ritani iliyorekebishwa wiki chache kabla ya usaili huamsha maswali.

Ikiwa marekebisho hayafai, nenda swali la 11 na la 12.

9. Nimeanza kazi nzuri hivi karibuni, lakini ritani ya mwaka jana ni ndogo. Itakuwaje?

Fomu inauliza kipato chako cha sasa kwa mwaka, na hicho ndicho chenye uzito mkubwa zaidi. Ritani ndogo haikuangushi, ikiwa unaweza kuonesha kwamba hali imebadilika: barua ya mwajiri inayotaja cheo, tarehe ya kuanza, mshahara na kama ajira ni ya kudumu, pamoja na slipu za mshahara za hadi miezi sita. Mwenye wiki tatu kazini ana ushahidi mwembamba, na ofisa ana uhuru wa kuutilia shaka. Ikiwezekana, acha slipu zijikusanye kwanza.

Kinyume chake pia ni kweli. Ritani ya mwaka jana ikiwa nono na sasa huna kazi, ritani hiyo peke yake haitoshi.

10. Sikuwasilisha ritani ya kodi. Je, naweza kuandika barua ya maelezo tu?

Barua inatosha kwa yule tu ambaye kisheria hakutakiwa kuwasilisha, kwa mfano kwa kuwa kipato chake kilikuwa chini ya kiwango cha chini cha mwaka huo. Aliyetakiwa kuwasilisha na hakufanya hivyo lazima awasilishe sasa, hata kwa kuchelewa, kabla ya kupeleka I-864. Wajibu huu unawahusu pia raia wa Marekani wanaofanya kazi Nairobi, Dubai au Muscat. Kipato cha nje huripotiwa, hata kama mwishowe hakuna kodi ya kulipa.

## Kipato kinapopungua

11. Naweza kutumia kipato cha mtu ninayeishi naye?

Ndiyo. Mume au mke wako, mzazi, mtoto mkubwa, kaka au dada anayeishi katika nyumba yako, pamoja na mtegemezi uliyemwandika kwenye ritani hata kama haishi nawe, anaweza kuunganisha kipato chake na chako kwa kusaini Fomu I-864A. Ataambatanisha ritani yake na uthibitisho wa makazi, na kwa saini hiyo anabeba wajibu uleule pamoja na wewe. Rafiki mnayechangia kodi ya nyumba hafai kwa njia hii, ila anaweza kufaa kama mdhamini mwenza (swali la 12).

Wengi huuliza kuhusu mshahara wa mhamiaji mwenyewe. Mshahara wa mwalimu wa Mombasa au wa karani wa benki wa Kampala hauhesabiwi, kwa sababu utakoma atakapohama. Kipato cha mhamiaji huhesabiwa pale tu kitakapoendelea kutoka chanzo hichohicho halali baada ya kuhamia.

12. Mdhamini mwenza ni nani, na anatakiwa kuwa ndugu?

Si lazima awe ndugu. Anaweza kuwa rafiki, jirani, mzee wa kanisa au imamu, mradi ana sifa za swali la 3. Anajaza I-864 yake kamili na kuambatanisha ritani yake na uthibitisho wa uraia au ukaazi wake.

Mdhamini mwenza lazima afikie kiwango peke yake. Haijuzu kuchukua dola 15,000 za mleta ombi na kuzijumlisha na dola 25,000 za mdhamini mwenza. Mdhamini mwenza mwenye mke na mtoto mmoja, anapomdhamini mtu mmoja, ana kaya ya watu 4, na kipato chake, au chake na cha mke wake kwa I-864A, kifike dola 40,187. Mwenye mshahara mnono lakini watoto sita anaweza kuzidiwa na kijana asiye na familia anayelipwa wastani. Kwa hiyo unapotafuta mtu, uliza ukubwa wa kaya yake kabla ya kuuliza mshahara.

Wahamiaji wakiwa wengi katika faili moja, wanaruhusiwa wadhamini wenza wawili, kila mmoja akiwabeba baadhi yao. Zaidi ya wawili hawaruhusiwi. Wapo wanaotangaza kuuza udhamini kwa watu wasiowafahamu. Waepukeni kabisa: hati za mshahara za kughushi zikigundulika, anayeweza kufungiwa milango ya Marekani maisha yake yote ni mhamiaji.

13. Kiwanja au nyumba iliyoko Afrika Mashariki inaweza kuziba pengo?

Inaweza, kwa masharti. Mali inayohesabiwa ni ile inayoweza kugeuzwa fedha taslimu ndani ya mwaka mmoja bila hasara kubwa: akiba ya benki, hisa, nyumba au ardhi baada ya kutoa deni lake. Gari huhesabiwa ikiwa unalo jingine. Mali ya mhamiaji mwenyewe huhesabiwa pia, hata ikiwa nje ya Marekani, mradi inaweza kuuzwa na fedha zake kutolewa nchini.

Thamani ya mali lazima iwe mara 5 ya pengo. Kwa mke, mume, au mtoto aliyetimiza miaka 18 wa raia wa Marekani, mara 3 zinatosha. Raia mwenye kaya ya watu 2 na kipato cha dola 20,437 ana pengo la dola 6,000. Akimwombea mume wake, atahitaji mali ya dola 18,000. Akiwa anamwombea baba yake, itakuwa dola 30,000.

Kwa ardhi, peleka hatimiliki iliyo kwa jina la mwenye mali, ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa ikiwa nyaraka ni za Kiswahili au Kifaransa. Shamba la ukoo lisilo na hati, au lenye hati iliyobaki kwa jina la marehemu babu, halitakusaidia hata likiwa kubwa kiasi gani, na kwa maoni yangu ardhi ya nyumbani itumike kama nyongeza pale tu njia za swali la 11 na la 12 zimeshindikana.

14. Familia imechanga fedha na kuziweka kwenye akaunti ya mleta ombi. Zitakubaliwa?

Ofisa huangalia historia ya akaunti kwa miezi 12: wastani wa salio, na fedha ziliingia lini. Akaunti iliyokaa na dola 300 kwa miezi kumi na moja kisha ikapokea dola 20,000 mwezi wa usaili inajieleza yenyewe. Fedha zilizotolewa kama zawadi ya kweli zinaweza kuelezwa kwa maandishi ya watoaji, lakini mchango wa harambee unaotarajiwa kurudishwa si mali yako. Vivyo hivyo akiba ya chama au vikoba: unaweza kuonesha sehemu yako tu, na pale tu kanuni za kikundi zinapokuruhusu kuitoa.

## Wajibu baada ya saini

15. Wajibu unadumu kwa muda gani?

Unaanza siku mhamiaji anapopata ukaazi wa kudumu, na unaisha anapokuwa raia wa Marekani, au anapohesabiwa robo 40 za kazi, au anapoondoka Marekani moja kwa moja na kupoteza ukaazi, au anapofariki. Kifo cha mdhamini pia huukomesha, ingawa madeni yaliyokwisha kutokea yanaweza kudaiwa kwenye mirathi. Robo 40 ni kama miaka kumi ya kazi, kwa kuwa mtu hupata robo 4 tu kwa mwaka. Mama mwenye miaka 70 ambaye hatafanya kazi wala kuomba uraia atabaki juu ya mdhamini wake maisha yake yote, au ya mdhamini.

16. Tukiachana je?

Talaka haiondoi wajibu, iwe ya mahakamani au ya kidini. Katika maswali yote tunayoulizwa, jibu hili ndilo linalowashangaza watu zaidi. Mtalaka aliyepata ukaazi anaweza kumshtaki mdhamini ili ahakikishiwe kipato cha asilimia 125, na mahakama za Marekani zimewahi kuamuru malipo hayo. Mdhamini mwenza naye hafunguki. Shemeji aliyesaini kwa ajili ya ndoa ya dada yake atabaki kwenye mkataba hata baada ya ndoa hiyo kuvunjika.

17. Mdhamini anaweza kujitoa?

Anaweza kabla viza haijatolewa, kwa kuandika barua kwa NVC au kwa ubalozi. Mhamiaji akishakuwa mkaazi wa kudumu, hakuna kujitoa.

18. Je, kweli serikali huja kudai? Na nikihama nyumba?

Sheria inaruhusu taasisi iliyotoa msaada kumdai mdhamini na kumpeleka mahakamani. Kwa kawaida athari huonekana kwanza upande wa mhamiaji: wakaazi wapya wengi hawastahili misaada mikuu ya shirikisho kwa miaka mitano ya mwanzo, na hata baadaye, wanapoomba, kipato cha mdhamini hujumlishwa na chao. Shule za umma na matibabu ya dharura hayamo katika misaada ya kudaiwa.

Mdhamini anayehama anatakiwa kutoa taarifa kwa Fomu I-865 ndani ya siku 30, na kutofanya hivyo kuna faini. Wengi husahau.

## Hali zisizo za kawaida

19. Mimi ni raia wa Marekani ninayeishi Zanzibar. Naweza kumdhamini mke wangu?

Unaweza, ukithibitisha kwamba makazi yako bado ni Marekani au kwamba utayarejesha kabla ya mke kuingia au pamoja naye. Aliyetumwa nje kwa muda na serikali ya Marekani au na kampuni ya Kimarekani ana njia rahisi zaidi. Wengine waoneshe hatua halisi: mkataba wa nyumba au barua ya ndugu atakayewapokea, akaunti ya benki, barua ya ajira, watoto kuandikishwa shule, leseni ya udereva, kura iliyopigwa. Tiketi ya ndege peke yake ni ushahidi dhaifu. Mdhamini mwenza hawezi kuziba kasoro hii, kwa kuwa mleta ombi asiye na makazi Marekani hawezi kuwa mdhamini, na bila mdhamini wa kwanza hakuna mwenza.

20. Naomba wazazi wote wawili. Je, hati moja inatosha?

Hapana. Wazazi wa raia, kama ilivyo kwa mke, mume au watoto wadogo wa raia, kila mmoja ana ombi lake na I-864 yake. Kipato kitoshe kaya yenye wazazi wote wawili. Katika makundi mengine, kwa mfano kaka anayesafiri na mke na watoto, hati moja huwataja wote, ila wale watakaofuata zaidi ya miezi sita baada yake watahitaji hati mpya.

21. Mleta ombi amefariki. Je, safari imeishia hapo?

Kwa kawaida ombi hufutika, lakini USCIS inaweza kulirejesha kwa sababu za kibinadamu ikiwa lilikuwa limekubaliwa kabla ya kifo. Hapo huhitajika mdhamini mbadala, na tofauti na mdhamini mwenza, huyu lazima awe jamaa wa mhamiaji: mume au mke, mzazi, mkwe, ndugu wa kuzaliwa, shemeji, mtoto mtu mzima, babu au bibi, mjukuu, au mlezi wa kisheria. Baba mdogo na binamu hawamo kwenye orodha, jambo linaloumiza katika familia ambamo baba mdogo ni baba.

22. Baada ya usaili nimepewa karatasi yenye kifungu cha 221(g). Je, nimenyimwa?

Kisheria ni kukataliwa, lakini kunakoweza kuondolewa kwa kuleta kilichopungua. Soma karatasi neno kwa neno. Wakitaka transkripti ya mwaka mpya wa kodi, leta hiyo. Wakitaka mdhamini mwenza, leta fomu yake pamoja na viambatanisho vyote kwa mara moja. Una mwaka mmoja wa kujibu, na faili lililokaa kimya likipita muda huo linaweza kufungwa, kisha ada zikaanza upya.

Usaili unapocheleweshwa kwa miezi mingi, usingoje karatasi hiyo. Mpe mhamiaji slipu mpya za mshahara, barua mpya ya mwajiri, na ritani mpya ikiwa msimu wa kodi umepita tangu ulipopeleka hati.

23. Hati yangu ni kamili na kipato kinazidi kiwango. Je, viza ni ya uhakika?

La. Ofisa hupima pia umri, afya, elimu na ujuzi wa mhamiaji anapoamua kama kuna uwezekano wa kuwa mzigo kwa umma, na I-864 ni sharti la lazima ndani ya upimaji huo. Mbali na hilo, tangu Juni 2025 matamko ya rais wa Marekani yamesimamisha utoaji wa viza kwa raia wa baadhi ya nchi, Burundi na Somalia zikiwa miongoni mwa zilizotajwa mwanzo, na orodha hiyo imekuwa ikibadilika. Hakuna kipato cha mdhamini kinachoondoa kizuizi cha aina hiyo. Kabla ya kulipia vipimo vya afya na tiketi, tazama tangazo la sasa kwenye tovuti ya ubalozi uliopangiwa faili lako, ukizingatia uraia ulio kwenye pasipoti ya mhamiaji, si nchi anamoishi.